Wepesi si Haraka

Neno la Kiitaliano lililonitoa jasho ni leggiero. Liliandikwa juu ya mstari wa alto, kwenye karatasi iliyopigwa fotokopi hadi noti zikafifia, katika kwaya ya kanisa niliyoimbia hapa Eldoret. Mwalimu wetu alitafsiri papo hapo: "Imbeni kwa wepesi." Basi tukakimbia. Besi wakabaki nyuma kama watu waliokosa matatu ya Langas. Akasema, "Haya, polepole." Tukapunguza mwendo, wimbo ukalala.

Simlaumu mwalimu. Kiswahili chetu hubeba mambo mawili kwa neno moja: wepesi ni uzito mdogo, tena ni haraka; polepole ni upole, tena ni kukawia. Waitaliano wametenganisha. Piano hupunguza sauti, presto huongeza mwendo, na leggiero husema na mguso tu: gusa, achia. Unaweza kuimba leggiero bila haraka yoyote, na sauti ikafika hadi mabenchi ya nyuma.

Haya sikuyaelewa kwenye kamusi. Niliyaelewa nikisikiliza "Chemirocha III", wimbo wa wasichana wa Kikipsigis aliourekodi Hugh Tracey mwaka 1950 huko Kapkatet, Kericho. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, lilivyotamkwa na wenyeji waliosikia santuri zake. Wengi huishia hapo, kwenye kichekesho cha Mmarekani aliyegeuzwa nusu mtu nusu swara. Mimi nasema sikiliza mguso. Kinubi kinadonoa, haking'ang'anii. Wasichana wanaliachia kila neno kabla halijawa zito, na hakuna anayemkimbiza mwenzake. Leggiero yenyewe ndiyo hiyo, na hakuna aliyewaandikia karatasi.

Kwa nini nalijali sana neno hili? Niliacha chuo mwaka wa tatu, sasa naishi kwa kulipwa makala moja moja. Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia kazi ati "nyepesi mno." Nikaijaza maneno mazito, ikachapishwa, na mpaka leo siwezi kuisoma. Uhakiki wetu nao unatumia neno moja kwa mambo mawili. Kuna wepesi wa asiyebeba kitu, na kuna wepesi wa aliyebeba ndoo kichwani na maji hayamwagiki. Tukiuita wote "nyepesi", tutaendelea kuwafundisha waandishi kukanyaga kwa kishindo.