Jitu la Pratolino na Kazi ya Mwashi

Miongoni mwa bustani zilizotengenezwa Italia katika karne ya 16, zama za Renesansi, yaani kipindi ambacho wasomi na wasanii wa Ulaya walizirejea elimu na sanaa za Wagiriki na Warumi wa kale, ile ya Pratolino, kaskazini mwa jiji la Florence, ndiyo inayothibitisha wazi zaidi kwamba sanamu kubwa si lazima izaliwe na patasi. Sanamu yake kuu, iitwayo Appennino kwa jina la safu ya milima inayopita katikati ya Italia, haikuchongwa kutoka katika jiwe moja, bali iliinuliwa kwa matofali na mawe mpaka ikapita kimo cha mita 10, kisha ikavishwa lipu na vipande vya mawe yenye matundu, hata ikawa vigumu kuamua kama ni mtu anayegeuka mlima au mlima unaogeuka mtu.

Ardhi hiyo ilinunuliwa mwaka 1568 na Francesco wa ukoo wa Medici, aliyekuja kuitawala Toscana tangu mwaka 1574, naye akamkabidhi kazi Bernardo Buontalenti, msanifu majengo aliyekuwa pia bingwa wa mitambo ya maji. Mwandishi Mfaransa Michel de Montaigne, aliyepita hapo mwaka 1580 na kulikuta jitu bado linajengwa, alishangaa kwamba pamechaguliwa mahali pasipo na chemchemi, hivyo maji yakalazimika kuvutwa kutoka mbali. Fahari ya kuyavuta maji hayo ilikuwa ya kiutawala, na yafaa isemwe hivyo bila kupamba: aliyeweza kuyaamuru maji yapande kilima aliwaonyesha wageni wake nguvu zake kabla hajatamka neno.

Jitu lenyewe ni kazi ya Giambologna, mzaliwa wa Douai, mji ulioko Ufaransa ya leo, ambaye alikuwa na desturi ya kuanza na vielelezo vidogo vya nta na udongo wa mfinyanzi. Ugumu wa kazi unaanzia hapo, kwani umbo linalotosha kiganjani likikuzwa kufikia ukubwa wa jengo huanza kudai mambo yasiyomhusu mchongaji wa kawaida, kama vile msingi, mgawanyo wa uzito, na njia za mabomba yanayopita ndani ya mwili. Jitu hilo lina umbo la mzee aliyejiinamia ukingoni mwa bwawa, mkono wake wa kushoto ukikandamiza kichwa cha dubwana linalotema maji, huku ndevu zake zikishuka kifuani kwa mafungu mazito yanayoiga stalaktiti, yaani michirizi ya mawe inayoning'inia katika dari za mapango. Mkono wa bingwa unaonekana hasa katika ndevu hizo, maana nywele zinachanganyika na mwamba pasipo jicho kuona mpaka. Tumboni mwake mna vyumba na mapango ya kutengenezwa, na hata kichwani mna chumba. Joka lililo nyuma yake halikuwamo katika kazi ya Giambologna; liliongezwa na Giovanni Battista Foggini mwishoni mwa karne ya 17, nalo, kusema kweli, halimwongezei mzee heshima yoyote.

Kasri alilolijenga Buontalenti katika bustani hiyo lilibomolewa katika miaka ya 1820, na sanamu nyingi zilihamishiwa bustani ya Boboli, Florence. Marumaru hubebeka, na kinachobebeka hupata mwenyewe mwingine. Jitu la matofali, lililoshikamana na ardhi yake, lilibaki. Familia ya Demidoff, matajiri wa Kirusi, iliinunua bustani mwaka 1872, serikali ya mkoa wa Florence ikaichukua mwaka 1981, na mwaka 2013 ikaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na majumba na bustani nyingine za Medici.

Mgeni anayefika Pratolino asitosheke na picha ya kutoka ng'ambo ya bwawa, ambako wengi husimama. Na asogee karibu, azichunguze ndevu na magoti, apaone mahali ambapo lipu inaishia na jiwe linaanza, kwa sababu sifa ya kazi hii ni ya waashi, ambao majina yao hayatajwi, sawasawa na ilivyo ya Giambologna.