Jina la Maradhi na Msuko Usiofungwa

Simulizi za wagonjwa wa Lyme, maradhi yaenezwayo na kupe, hujengwa juu ya fumbo moja: mwili unauma kwa miaka, vipimo havioni kitu, na walio karibu huanza kumshuku mgonjwa mwenyewe. Msomaji hutarajia kwamba daktari atakapoyataja maradhi, fundo litafunguka. Porochista Khakpour, katika *Sick* (2018), analivunja tarajio hilo: jina linapatikana, lakini maradhi yanarudi.

Hata hivyo, kisa chake kinabaki kuwa cha nafsi moja. Muundo huu unapungua tukiupima kwa maradhi yetu yenye fumbo kama hilo. Katika maeneo ya wafugaji kama Sericho, Isiolo, homa ijayo na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo huweza kutibiwa kama malaria au homa ya matumbo, kumbe ni brusela, itokayo kwa mifugo, hasa kupitia maziwa yasiyochemshwa. Hapa jina linampeleka mgonjwa zizini: maziwa anyweshwayo mtoto na akirimiwayo mgeni ndiyo yanayoshtakiwa. Dawa za wiki sita zaweza kumponya. Kundi lenye ugonjwa laweza kumwambukiza tena.

Hoja yetu ni kwamba kutajwa kwa maradhi huuhamisha mgogoro, ukatoka mwilini ukaingia katika riziki ya jamii nzima. Mhakiki anayeishia kwenye faraja ya kupata jina ameusoma msuko nusu.