Kazi ya Kuosha Ndani ya Katriji

Wengi huisifu mashine ya GeneXpert kwa kasi yake: kwa muda wa kama saa moja na nusu imeshahesabu virusi vya UKIMWI vilivyomo kwenye damu. Mimi naisifu kwanza kwa usafi wake, maana bila usafi hesabu yote ni bure.

Kazi huanzia mikononi mwa mtaalamu wa maabara. Damu ya mteja wa CTC (kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye virusi vya UKIMWI), tuseme hapa Hospitali ya Mwananyamala, huwekwa kwenye mrija wa kifuniko cha zambarau wenye dawa ya kuzuia kuganda, kisha huzungushwa kwa kasi. Seli nyekundu hushuka chini, plazma ya njano hubaki juu, na katikati hukaa utando mwembamba wa seli nyeupe. Hapo ndipo ustadi unapoonekana. Mtaalamu huifyonza plazma polepole bila kuugusa utando ule, kwa sababu vinasaba vya virusi hujificha ndani ya seli nyeupe. Vikichanganyika na plazma, hesabu inaweza kupanda pasipo sababu.

Mililita moja ya plazma hutiwa kwenye katriji ya plastiki inayotosha kiganjani. Kifuniko kikishafungwa, hakifunguliwi tena, na katriji huingizwa kwenye mashine. Ndani mna vyumba vidogo vidogo na vimiminika vyake. Valvu huzunguka ikifungua chumba kimoja baada ya kingine, huku pistoni ikivuta na kusukuma. Chumvi kali huvipasua virusi na kuitoa RNA, yaani vinasaba vyake. RNA hunata kwenye silika, madini ya kutengenezea kioo, na uchafu wa damu huoshwa ukaondoka. Kisha RNA safi huachiwa, ikaingia kwenye kijimrija bapa kilichochomoza nyuma, irudufiwe na kuhesabiwa. Mbinu ya chumvi na silika ilichapishwa mwaka 1990 na René Boom na wenzake wa Amsterdam. Wao waliifanya kwa mkono, hatua kwa hatua.

Baada ya usafi, napenda pia uaminifu wa mashine hii. Kila katriji ina vipimo viwili vya kulinganishia, cha juu na cha chini, vinavyopita njia ileile na sampuli ya mgonjwa. Vikiharibika njiani, mashine haibahatishi jibu, kipimo hurudiwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) huhesabu kuwa virusi vimefubazwa vikiwa nakala 1,000 au pungufu kwa mililita. Katriji hii huweza kuhesabu hata nakala zikiwa chache kama 40 kwa mililita. Kama unatumia dawa, usiiache tarehe yako ya kupima wingi wa virusi ikupite, na ukishapima, fuatilia jibu lako.