Mshale Usiosukumwa

Ukiifungua spidomita ya gari la zamani, lile lenye waya unaozunguka kutoka kwenye gia boksi, utashangaa vitu vilivyomo ni vichache kiasi gani: sumaku ndogo, kikombe chepesi cha alumini, springi nyembamba kama unywele, na mshale. Waya huizungusha sumaku. Mshale umeshikamana na kikombe. Na kati ya sumaku na kikombe pana uwazi; havigusani kamwe.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Alumini haivutwi na sumaku, jambo unaloweza kulihakikisha kwa sufuria ya jikoni kwako. Lakini sumaku inapozunguka karibu nayo, huamsha mikondo ya umeme ndani ya alumini, na mikondo hiyo huwa na usumaku wake. Kikombe huanza kuburutwa. Kingeachiwa, kingezunguka bila kukoma, lakini springi hukizuia. Nguvu ya kuburuta huongezeka sambamba na mwendo, na springi nayo hukaza kadiri inavyopindwa. Nguvu hizo mbili zinapolingana, mshale hutulia. Ndiyo maana 20, 40 na 60 zimepangwa kwa nafasi sawa usoni pa spidomita: hakuna aliyezilazimisha.

Otto Schulze wa Strasbourg, mji uliokuwa wakati huo chini ya Ujerumani, alipata hataza ya mtambo huu mwaka 1902. Karibu karne nzima magari yaliutumia bila kuubadilisha msingi wake. Fundi aliyetaka kuusahihisha aliipunguza nguvu sumaku kidogo kidogo mpaka mshale ukubaliane na kipimo. Waya ukikauka grisi, mshale ulitetemeka, na dereva akajua.

Siku hizi kitambuzi huhesabu mizunguko, kompyuta hupiga hesabu, na mota ndogo huupeleka mshale ilikoagizwa. Ni sahihi zaidi, sikatai. Ila mshale wa Schulze ulikuwa wenyewe ndani ya mvutano. Huu wa sasa ni msomaji wa tangazo.

Wote wawili, hata hivyo, wanajua mizunguko tu, barabara hawaijui. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza spidomita kuonyesha pungufu ya mwendo halisi, lakini inairuhusu kuzidisha kwa sehemu moja ya kumi na kilometa 4 kwa saa juu yake. Basi ukifunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, mshale utaonyesha pungufu; ipeleke spidomita ikapimwe upya kabla ya kuiamini.