Nani Atampokea Stendi?

Wenzangu wa kalamu, mimi nimechoka kuzika. Tangu nikiwa kidato cha pili nimemzika Rosa wa Kezilahabi si chini ya mara nne, na kila mara nalia palepale, utadhani sijui yatakayotokea. Imefika mahali nikifungua riwaya ya Kiswahili nikamkuta binti amebeba begi lake anapanda gari kwenda mji asioujua, najisemea: haya, huyu naye kwisha kazi. Atalewa, atabeba mimba, atauawa au atajiua. Na mwandishi, kwa mlango wa mbele au wa uani, atatunong'oneza kwamba alijitakia.

Huu si uhakiki wa kisomi. Mimi nimeishia kidato cha nne, mambo ya nadharia nawaachia walioko Mlimani. Nina swali la mtu anayehangaika na mswada wake usiku: kwa nini hatujui kuandika hatari? Nasema hatari yenyewe, ile inayomkuta mwanamke aliye peke yake katika mji wa kigeni saa nne usiku, simu haishiki, na mwenyeji haonekani.

Tuanze na wakubwa. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971 na kwa muda ikazuiwa mashuleni, jambo ambalo bila shaka liliiongezea wasomaji. Rosa havuki mpaka wowote wa nchi. Anatoka Ukerewe kwenda kusoma Mwanza, baadaye Morogoro. Lakini kwa binti aliyelelewa kwa kiboko cha Zakaria, Mwanza ni ng'ambo tosha. Tumtendee haki Kezilahabi: hamlaumu binti peke yake, kidole anamnyooshea baba. Ila nikishafunga kitabu, kinachobaki kichwani ni kuanguka kwa Rosa. Mji unabaki kama ugonjwa tu, ukiugusa umeambukizwa. Na ugonjwa hauna uso. Huwezi kumwambia mdogo wako, "Mtu wa namna hii akikuambia hivi, ondoka."

Said Ahmed Mohamed katika Utengano (1980) alikwenda hatua moja mbele, na nadhani wengi wetu tuliisoma kwa ajili ya mtihani tukaipita. Maimuna anatoroka nyumba ya baba yake alikofungiwa kama kuku. Je, anadakwa na jambazi kichochoroni? Hapana. Anapokelewa. Anapelekwa kwa bibi mmoja ambaye ana kisasi chake na huyo baba, na kutoka hapo anapita mkono hadi mkono mpaka danguroni kwa Mama Jeni. Kila mkono una sababu zake. Tena mwandishi anamwacha Maimuna aishi mpaka mwisho wa kitabu, shukrani kwake. Lishike hilo neno, kupokelewa. Nitalirudia.

Sasa tuvuke bahari. Kitabu cha Ama Ata Aidoo wa Ghana, Our Sister Killjoy, kilitoka mwaka 1977. Nakala yangu niliipata kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, haina jalada, na nimeisoma kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Ni nusu nathari nusu shairi, mara nyingine ukurasa mzima una maneno machache tu, kwa hiyo msiogope. Msichana anaitwa Sissie. Amepata nafasi ya kwenda Ulaya na vijana wengine. Anafika Ujerumani, na kwenye umati wa wasafiri anamsikia mama mmoja akimwonyesha mwanawe yule msichana mweusi. Hapo ndipo Sissie anapogundua kwamba watu waliomzunguka wana rangi, na yeye ana yake. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemwibia. Lakini tangu dakika hiyo hayuko salama kwa namna aliyokuwa salama kwao, na Aidoo hakuhitaji hata kisu kimoja kutuambia hivyo.

Halafu anakuja Marija. Mama mdogo wa Kijerumani, mpweke, mumewe siku zote yuko kazini, ana mtoto mchanga. Anampenda Sissie, anamletea matunda, anampikia keki, anamkaribisha nyumbani jioni baada ya jioni. Msomaji unaanza kushukuru: afadhali, mtoto wa watu kapata pa kufikia. Mpaka usiku mmoja Marija anamgusa kwa namna ambayo Sissie hakuiomba, na Sissie anamzaba kibao. Kisha, na hapa ndipo nilipovua kofia, mwandishi hageuzi kibao. Marija hawi shetani. Analia. Sissie anamwonea huruma, halafu baadaye yeye mwenyewe anamwumiza Marija makusudi siku za kuondoka, na anaonja utamu wa kumwumiza. Nani alikuwa hatarini pale? Wote wawili, kwa zamu. Wangapi kati yetu tungeandika hivyo? Sisi tungemtoa Marija meno, tukamaliza.

Pana kitu hapa nakifahamu kwa ngozi yangu, na sijawahi kukiandika.

Mwaka 2022 nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilialikwa Nairobi kwenye siku tatu za usomaji wa vijana. Nilipanda basi Dar alfajiri, tukachelewa njiani, tukachelewa Namanga, tukaingia Nairobi inakaribia saa tano usiku. Mwenyeji wangu alikuwa mshairi, mtu mwenye heshima zake, jina nitalihifadhi. Alisema atanipokea, na kwamba nitalala kwa dada yake. Laini yangu ya Bongo ikagoma. Abiria wenzangu wakayeyuka na teksi zao. Nimebaki mimi, begi, na mabango nisiyoyajua.

Pembeni palikuwa na mama anauza chai na mandazi, kajifunga leso kiunoni, sauti kama ya kondakta. Ananiita, mimi najifanya sisikii. Kichwani mwangu, jamani nasema kweli, nilimwona Mama Jeni. Riwaya zote nilizosoma zilinijia kwa pamoja: mama mnene wa usiku, maneno matamu, asubuhi unajikuta chumba cha uani. Akaniita tena.

"Msichana wangu, usisimame hapo na begi. Watajua wewe ni mgeni. Kuja ukae hapa nyuma yangu."

Nikasogea. "Shikamoo, mama."

Akacheka. "Wewe ni wa Tanzania. Marahaba. Sasa kunywa chai, na usitoe hiyo simu."

Akaniazima simu yake mwenyewe nipige. Sikukariri namba ya mtu yeyote isipokuwa ya mama yangu, na ya mwenyeji nilikuwa nimeiandika kwenye tiketi. Karibu saa moja nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya yule mama, na kila mwanamume aliyeniuliza naenda wapi, yeye ndiye aliyemjibu. Hakutaka hela ya chai.

Mwenyeji akafika. Kiswahili safi, samahani nyingi, akanibebea begi, akamshukuru mama kwa adabu. Ningekuwa naandika riwaya ningesema: salama. Tulipofika kwake, dada hakuwepo. Alikuwa "amesafiri ghafla". Mlango ukafungwa, ufunguo ukaingia mfukoni mwa suruali. Nikasema nitalala kwenye kochi. Nililala nimekaa, na viatu miguuni. Mara mbili usiku alikuja kuniuliza kama sisikii baridi. Basi. Hayo tu. Hakunigusa. Kesho yake jukwaani alisoma shairi zuri sana kuhusu mama, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Nikarudi Dar. Mama akaniuliza safari ilikuwaje. Nikamwambia nzuri.

Hapa ndipo ugomvi wangu na riwaya zetu ulipo. Sikunyamaza kwa sababu naogopa mama. Nilinyamaza kwa sababu hadithi yangu ilishaandikwa kabla sijaipeleka. Msichana, basi, mji wa nje, nyumba ya mwanamume: hata aliyeacha shule darasa la nne anajua sura ya mwisho, na anajua ni nani wa kulaumiwa. Ningesema nini? Kwamba sikupotea, sikulewa, ila sikulala? Hadithi kama hiyo haina kabati la kuiweka. Mwandishi anayemwadhibu kila msichana anayesafiri anafikiri anawaonya wasichana. Anachofanya ni kuwafunga mdomo waliorudi.

Wala msidhani ni mambo ya wasanii tu. Dada zetu wanakwenda Muscat na Dubai kufanya kazi za ndani. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu Watanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, na jambo linalojirudia humo ni pasipoti kuchukuliwa na mwajiri. Ule mfumo wa kafala ulimfunga mfanyakazi kwa mdhamini wake mmoja, akikimbia anakuwa mkosaji yeye. Hebu mtazame hatari hiyo kwa jicho la mwandishi. Hakuna kichochoro. Hakuna bangi wala baa. Kuna nyumba safi yenye kiyoyozi, watoto wanaomwita kwa jina, na kitabu kidogo kimefungiwa kwenye droo ya chumba cha mwenye nyumba. Nani ataiandika droo hiyo?

Aliyeanza kuandika mambo ya namna hii alikuwa wa kwetu, tena zamani kweli. Seyyida Salme wa Unguja, binti wa Sultani Said, aliondoka kwa meli ya Kiingereza mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka 1867, akaenda kukaa Hamburg na mume Mjerumani, Heinrich Ruete. Kijerumani hajui. Miaka mitatu baadaye mume akapata ajali ya tramu akafa. Akabaki na watoto watatu wadogo katika mji wa baridi ambao kila mtu alimkodolea macho. Mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na Ulaya ikazinunua, maana zilikuwa zimejaa jumba la kifalme, mavazi, harusi na udi. Lakini yale ya Hamburg, upweke na unyonge wa mjane mgeni, aliyaandika kwa urefu mahali pengine, katika barua kwa rafiki wa nyumbani Unguja. Hizo hazikuchapishwa akiwa hai. Alifariki Jena mwaka 1924. Unaona mpangilio? Kitabu cha nyumbani kikaenda dukani, kitabu cha ugenini kikabaki sandukuni. Hata binti mfalme.

Turudi kwetu sisi chipukizi, maana kusema wakubwa ni rahisi. Hadithi zetu, na zangu zimo, zina ugonjwa mmoja: tunajua rangi ya sketi ya msichana, hatujui ana shilingi ngapi. Tunaeleza matiti yake yanavyotikisika akishuka basi (wavulana, mnajijua), hatusemi namba ya mwenyeji ameiandika wapi. Wakati wanawake wanaosafiri wana ufundi wao kabisa. Mmoja huvaa pete ya ndoa ya kuazima. Mwingine hugawa hela sehemu tatu, moja ya kuibiwa. Wapo wanaompigia simu kaka ambaye hayupo, kwa sauti kubwa, dereva wa teksi asikie: "Eeh kaka, tumeshafika mzunguko, niko kwenye ile Probox nyeupe." Hiyo ni tamthilia ya mtu mmoja, jamani, na inachezwa kila usiku bila kiingilio. Sisi tunaacha dhahabu hiyo tunakimbilia jambazi mwenye miwani myeusi.

Rafiki yangu mmoja alisoma rasimu ya makala haya akasema nataka riwaya ziwe kijitabu cha maonyo ya wasafiri. Hapana. Aidoo hakuandika maonyo. Alikaa tu na Sissie muda mrefu wa kutosha mpaka tukaona kwamba ukarimu na hatari vilikuwa vinakula sahani moja. Maonyo yanajua nani mbaya. Msafiri hajui, na hilo kutojua ndilo linalomnyima usingizi. Mimi yule mama wa chai nilimwogopa na yule mshairi nikamwamini, na vyote viwili nilifundishwa na vitabu.

Mswada wangu mwenyewe umekwama ukurasa wa 31. Msichana wangu mwaka 2018 kapanda treni ya TAZARA kutoka Dar, anakwenda Lusaka, na kama wengi wa mara ya kwanza hakujua kwamba reli inaishia Kapiri Mposhi, Lusaka bado iko mbali kwa barabara. Treni imechelewa. Ni usiku. Kibemba hajui, Kinyanja hajui, ana kwacha kidogo alizobadilishiwa Tunduma na mtu aliyezihesabu haraka mno. Rasimu ya kwanza nilimweka pale mwanamume mwenye gari jeusi. Nikamfuta. Rasimu ya pili nikaweka polisi mwema, nikamfuta naye, alikuwa kama tangazo la serikali. Sasa amebaki msichana, begi, na mama mmoja mwenye chupa ya chai anayemwita kwa lugha asiyoijua. Sijaamua bado kama huyo mama ni mwema. Msichana naye kasimama anamtazama, na mimi nimeandika jina la mji, saa, na kiasi cha hela alichonacho mfukoni.