Mkia wa Kitenzi

Anayesafiri kwa Reli ya Kati kutoka pwani kwenda Tabora hupita Goweko karibu na mwisho wa safari yake, baada ya Nyahua na kabla ya Igalula. Hiyo ni nchi ya Wanyamwezi. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, ukanda huo ulikuwa ukikatwa na njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikavuka Ugogo na Mgunda Mkali, ikaingia Unyamwezi kwa mlango wa Tura, ikapita Kigwa na kufika Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Kwa njia hiyo pembe na mateka walishuka, nguo na shanga zikapanda. Na pamoja na nguo na shanga kilipanda Kiswahili cha Unguja na Mrima.

Mpagazi wa Kinyamwezi alikipata Kiswahili hicho bila ya kitabu. Alitwikwa mzigo, akautua, alipoutua alitulia, alipotulia aliwatuliza wenziwe. Alifika mjini, akafikia kwa mtu amjuaye, akafikisha amana aliyopewa. Maneno haya yamejengwa juu ya mashina mawili tu, na kilichobadilika kila mara ni mkia. Aliyejua mkia alijua safari nzima: nani amebeba, nani amepokea, mzigo umewekwa wapi na kwa faida ya nani. Kwa Mnyamwezi jambo hili halikuwa geni, kwa kuwa Kinyamwezi nacho ni lugha ya Kibantu, na kama Kiswahili huongeza viambishi mwishoni mwa kitenzi.

Leo mtoto wa Goweko anatakiwa kupanda ngazi nyengine. Akishamaliza shule ya msingi iliyosomeshwa kwa Kiswahili, huingia sekondari ambako masomo hutolewa kwa Kiingereza, na huko hukutana na kikwazo kinachowakuta pia wenzake wa skuli za Unguja na Pemba: vile vitenzi vya Kiingereza vinavyofuatwa na kijineno, mfano wa "give up", "put off" na "look after". Kitenzi anakijua, kijineno anakijua, lakini vikiambatana huzaa maana ambayo hakuna kimoja kati yao kilichoibeba. Hapo ndipo anapouziwa orodha. Viko vitabu na vijitabu vinavyopanga vitenzi hivi kwa mamia, kwa mpangilio wa alfabeti, na ahadi juu ya jalada kwamba atakayevihifadhi atazungumza kwa ufasaha na kusikika kama mzawa wa Uingereza. Ahadi hiyo inastahili kupimwa kwa mizani ileile inayopimiwa ushairi, kwani inahusu kiini cha lugha.

Taabu yenyewe ni ya kweli, nayo si ya Waafrika peke yao. Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, alikwishakiri katika dibaji kwamba tabia hii ya Kiingereza ya kugeuza maana ya kitenzi kwa kukifuatishia kijineno ndiyo inayowatatiza zaidi wageni. Jina linalotumiwa na walimu wa Kiingereza kuviita vitenzi hivi lilienezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka 1925, akieleza kuwa amelipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi ya Oxford. Kwa hiyo hata wenyewe walivitumia vitenzi hivyo karne nyingi kabla ya kuwa na jina la kuviitia. Waliishi navyo, wakavisikia jikoni na sokoni, wakavijua kwa sikio. Orodha ya alfabeti humtaka mtoto wa Goweko aanzie pale wenye lugha walipomalizia.

Kosa la orodha hizo ni kumchukulia mwanafunzi kuwa hana kitu. Zinamwendea kama mtu asiyepata kuona kitenzi kikibadilika kwa nyongeza ndogo, hali ya kuwa amekulia ndani ya lugha mbili zinazoishi kwa nyongeza hizo. Na atazame mwenyewe. "Enda" akikirefusha hupata "endelea", na Mwingereza kwa maana hiyohiyo huchukua kitenzi chake cha kwenda akakiongezea kijineno, akasema "go on". "Pita" huwa "pitia", kama mtu apitiavyo hesabu au barua, na Mwingereza husema "go over". "Hama" ni kutoka katika nyumba, "hamia" ni kuingia. Mwingereza hutofautisha kwa "move out" na "move in". Msafiri "aliyefikia" kwa ami yake Tabora, kwa Kiingereza huweza kuelezwa kwa "put up". "Ondoka" ni kuacha mahali, lakini mtoto "aliyeondokea kuwa" mshairi hodari hakuacha mahali popote: maana imeruka, kama irukavyo katika "turn out". Na jambo "lililotokea" halikutoka mlangoni.

Mifano hii yaonyesha kwamba mwendo wa fikra ni mmoja. Kiingereza hukiacha kitenzi kama kilivyo na kukifungia kijineno nyuma. Kiswahili huufuma mkia ndani ya neno lenyewe. Pote pawili kitenzi cha mwili, cha kwenda, kuweka au kutoka, huazimwa kueleza mambo ya moyo na akili. Hata mbinu ya kijineno kinachojitegemea haikosekani kwetu. Anayesema "tupilia mbali" ametumia vyote viwili, mkia uliorudufishwa na neno la mahali, na maana yake imepita kurusha kitu: hoja hutupiliwa mbali, na hoja haina uzito wa kurushwa.

Wala haifai kudai kwamba kila kitu kinalingana. "Give up" haina mkia unaoifaa. Kiswahili huenda kwa nomino na kusema mtu amekata tamaa au amevunjika moyo. Huu ni mlango mwengine wa lugha yetu, ambao Mwingereza anayejifunza Kiswahili huutolea jasho. Mtu hupiga simu, hupiga pasi, hupiga magoti na hupiga hodi, na katika vyote hivyo hakuna aliyeumizwa. Hula kiapo, hula njama na hula hasara, wala hashibi. Kwa upande mwengine, Kiingereza hakina njia nyepesi ya kuifikia "amefiwa", ambamo kifo cha mmoja huelezwa kwa jinsi kilivyomwangukia mwengine. Mwanafunzi anayeoneshwa haya yote kwa pamoja hujua kwamba kila lugha ina vichaka vyake, na kwamba yeye ni mwenyeji wa kichaka kimoja na mgeni wa chengine. Orodha humfundisha kuwa ni mgeni kila mahali.

Liko pia suala la mahali pa neno. Vitenzi vyenye kijineno vina mwenza katika Kiingereza, aghalabu neno la asili ya Kilatini au Kifaransa: "put off" na "postpone", "put up with" na "tolerate". La kwanza lina harufu ya nyumbani, la pili lina harufu ya ofisi na kitabu. Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa sana, kwani naye ana "kusogeza mbele" na "kuahirisha", ana "kuvumilia" na "kustahamili". Mshairi huchagua kati ya haya kwa kuangalia uzito, nafasi na msikilizaji. Mwanafunzi aliyehifadhi orodha ili asikike kama mzawa huyamwaga maneno ya jikoni katika barua ya maombi ya kazi, na wala hakuambiwa kuwa neno la kitabu, alilolijua tangu awali, lingefaa zaidi hapo. Ufasaha ni kujua neno lipi liitwe wapi. Wingi wa akiba bila ya ujuzi huo ni mfano wa mtu mwenye kanzu ishirini asiyejua ipi ya msibani na ipi ya harusini.

Ushahidi mzuri zaidi juu ya jambo hili unapatikana Tabora kwenyewe. Julius Nyerere alisoma katika skuli ya serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, na baada ya Makerere akarudi mjini humo kusomesha katika skuli ya St. Mary's kuanzia 1946 hadi 1949, kabla ya kwenda Edinburgh. Mtu huyo ndiye aliyetoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule alipotoa Mabepari wa Venisi. Kazi hizi zimezungumzwa sana kwa upande wa siasa, khasa lile neno "mabepari" lililoteuliwa pale ambapo kamusi ingeridhika na "mfanyabiashara". Upande wa kitenzi haujapewa haki yake.

Mfasiri wa Shakespeare hukabiliwa na hesabu ngumu. Mstari wa tamthilia zile kwa kawaida una silabi kumi hivi, hauna vina, na vijineno vya Kiingereza huumudu kwa wepesi kwa kuwa vingi vyao ni vya silabi moja tu. Mkia wa Kiswahili hauwezi kusimama peke yake. Lazima uchukuliwe na shina, pamoja na viambishi vya nafsi, njeo na mtendwa vilivyotangulia. Anayefasiri neno kwa neno hujikuta na mstari uliovimba. Nyerere aliacha vina katika tafsiri hizo, akayaacha maneno yabebe uzito bila ya msaada wa mlio wa mwisho. Uamuzi huo ni wa mtu aliyejua kwamba mkia wa kitenzi unaweza kufanya kazi ya maana bila ya kufanya kazi ya kina. Alipogeukia Injili, katika tenzi zake zilizochapishwa mwaka 1996, alirejea kwenye vina; na katika utenzi mkia huohuo ndio aghalabu unaofunga kipande. Chombo ni kimoja, kazi ni mbili, na fundi alijua lini akitumie kwa lipi.

Hapa panahitajika neno juu ya washairi wenyewe, kwani si wanafunzi peke yao wanaoutumia mkia bila ya kuusikia. Mikia ya Kiswahili ni neema ya vina: "-ia", "-ana", "-isha" na "-wa" hupatikana kila pembe, na mtunzi mvivu huweza kujaza beti kumi bila ya kutafuta. Ndiyo maana hukutwa shairi ambalo mtu "anakumbukia" pale alipokusudia kukumbuka, au "anaondokea" na hali ameondoka tu. Kina kimepatikana, mizani imetimia, na maana imepotea. Kosa hilo ni pacha wa kosa la mwanafunzi anayebandika kijineno cha Kiingereza kwa kubahatisha. Wote wawili wamekichukua kipande kidogo cha neno kuwa pambo, hali ya kuwa ndicho kilichobeba amri ya sentensi.

Na hasara haiishii hapo. Asiyeuhisi mkia katika lugha yake hufungua mlango wa nyuma. Siku hizi husomwa magazetini kwamba fulani "amekuja na wazo jipya", na msikilizaji asiyejua Kiingereza angeweza kuuliza wazo hilo limebebwa katika mkoba gani. Kilichopo nyuma yake ni kitenzi cha Kiingereza chenye vijineno viwili, "come up with", kilichovuliwa nguo zake na kuvishwa kanga isiyomtosha. Kiswahili kilikuwa na "kubuni", "kuzua" na "kuvumbua", kila moja na ladha yake: la kwanza la sifa, la pili la lawama, la tatu la ugunduzi. "Kuja na" halina ladha. Vivyo hivyo mkutano "huchukua nafasi" pale ulipotosha kufanyika, na mambo yote huishia katika "mwisho wa siku" hata yakiwa ya asubuhi. Hivyo orodha iliyokusudiwa kumfikisha mtoto kwenye Kiingereza humrudisha na Kiswahili kilichopungua, na Kiingereza chenyewe bado hajakifikia.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Mwalimu wa Goweko, au wa Wete, anaweza kuanza somo la Kiingereza kwa kuwataka wanafunzi wakinyambue kitenzi kimoja cha Kiswahili, kwa mfano "toa" au "pita", waeleze kila mkia umefanya nini, na walio na Kinyamwezi waseme nyumbani kwao huwaje. Baada ya hapo kijineno cha Kiingereza huingia kama mgeni anayefahamika sura. Huulizwa: hiki kinaelekeza wapi? Kinamaliza, kinarudisha, kinatenga au kinakutanisha? Vijineno vyenyewe si vingi, na mwenye kuzoea maswali haya hukutana na kitenzi kipya akakikisia, kama msomaji wa tenzi akisiavyo neno gumu kwa mwendo wa ubeti. Atakosea mara nyengine. Lakini atakuwa anakosea kama mtu anayefikiri.

Mpagazi aliyeipita nchi ile hakuambiwa aseme kama mzawa wa Unguja. Alikipokea Kiswahili, akakitia sauti ya kwao, nacho kikawa chake. Na watoto wa wajukuu zake hukizungumza leo bila ya kumwomba mtu radhi. Kiingereza nacho kinaweza kupokelewa hivyo Goweko, mradi anayekipokea asitakiwe kwanza kuutua mzigo alionao.