Bigos Katika Joto la Tanga

Mwaka 1942 meli ziliteremsha wakimbizi wa Poland katika bandari ya Tanga. Wengi walikuwa wanawake na watoto ambao Umoja wa Kisovieti uliwahamisha kwa nguvu hadi Siberia na Kazakhstan, wakatokea Uajemi, kisha wakavuka bahari. Kutoka Tanga treni iliwapeleka kuelekea Tengeru, karibu na Arusha, ambako kambi yao ilifikia watu wapatao 5,000. Makaburi yao yapo huko hadi leo. Mapishi ya kwao yalitungwa kwa ajili ya majira ya baridi, na hilo ndilo linalompa kazi yeyote anayetaka kuyapika huku pwani.

Chukua bigos: kabichi chachu na kabichi mbichi, nyama za aina mbalimbali, uyoga mkavu, vyote vikichemka taratibu kwa saa nyingi. Watu hudhani utamu wake unatokana na nyama. Mimi naona unatokana na uchachu. Bila uchachu, mafuta yale yangekinaisha baada ya vijiko vitatu.

Uchachu huo haufanani na wa achari yetu. Embe bichi lina ukali wake tangu mtini. Chumvi na jua huukoleza tu. Kabichi haina ukali wowote. Ina sukari, na bakteria huigeuza sukari hiyo kuwa asidi. Kwa kilo 1 ya kabichi iliyokatwa nyembamba weka gramu 20 za chumvi, ponda kwa mikono mpaka itoe maji, shindilia chomboni, kisha ikandamize kwa kitu kizito ili isielee. Inayogusa hewa huota ukungu.

Penye nyuzijoto 18 hadi 20 kazi hiyo huchukua wiki tatu au nne. Tanga mjini, joto likifika 30, kabichi huwa kali ndani ya siku chache, lakini hulainika na ladha yake hubaki ya upande mmoja, kwa sababu bakteria wanaopenda joto huwapiku wale wanaoianza kazi. Kuiweka ndani ya mtungi wenye unyevu hakusaidii sana, maana hewa ya pwani imejaa unyevu tayari na maji hayakauki upesi ili yapoze chombo. Ongeza chumvi hadi gramu 25, ionje kila siku, na ikishakolea iingize kwenye friji. Lililo bora zaidi ni kuichachulia Lushoto, kabichi inakolimwa na usiku una baridi. Siki haiwezi kushika nafasi yake: inatoa ukali, haitoi kina.

Kwenye sufuria, utaratibu una sababu zake. Asidi huzuia mboga isilainike, ndiyo maana wapishi wetu hukamulia ndimu mwishoni. Kwa hiyo chemsha kabichi mbichi peke yake mpaka iive, ndipo uichanganye na ile chachu. Nyama ya kifua cha ng'ombe, ikikaangwa kwanza mpaka iwe kahawia, inatosha kabisa mahali pa nguruwe. Mafuta na kano zake huyeyuka na kuupa mchuzi uzito. Mwenye nyama iliyokaushwa kwa moshi aongeze kidogo. Samaki wa moshi hapana, atapondekapondeka na harufu yake itatawala chungu kizima. Tui la nazi nalo, pamoja na mapenzi yetu yote kwake, litakatika.

Bigos ni kiporo cha makusudi: hupashwa siku ya pili na ya tatu, na kila mara kabichi hunywa mchuzi zaidi. Kule Poland baridi ya nje ililinda sufuria usiku. Hapa usithubutu kuilaza mezani. Igawe kwenye vyombo vifupi ipoe haraka, iingie kwenye friji, na kesho ichemke kweli kweli. Viazi mviringo vya kulia navyo vichemshwe kwenye sufuria yao, kwani ukivitia mbichi ndani ya bigos vitabaki vigumu hadi mkaa uishe.